Gari la baba linamaliza mshahara wangu, na kaka zangu hawataki liuzwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nesi, naishi Gungu hapa Kigoma pamoja na wazazi wangu. Ni kitinda mimba. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam na Mwanza na familia zao, mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na wala sijuti. Ila kuna jambo linaninyima usingizi, na naona aibu kulisema kwa watu wanaonijua, kwa sababu wengi wao wamelipanda gari ninalotaka kukueleza.

Baba alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua Prado ya dizeli, 3000cc, namba B, yaani usajili wa zamani. Ndiyo mali pekee aliyojinunulia kwa raha yake baada ya kutusomesha wote. Aliliendesha mwenyewe kwenda Kalinzi kwenye shamba la kahawa na migomba, mpaka presha na macho vilipomzidi nguvu akanikabidhi funguo. Hakusema nimekupa. Alisema, "Liangalie." Basi tangu hapo mafuta yangu, matairi yangu, bima yangu, fundi wangu. Kadi bado ina jina lake.

Kazini kwangu ni upande wa Mwandiga, na nina zamu za usiku, kwa hiyo usafiri wa uhakika nauhitaji. Zamani mafuta sikuyahesabu sana. Ilipofika 2022 bei ikaruka, tukaambiwa ni vita vya Urusi na Ukraine, nikasema itashuka. Leo lita hapa kwetu iko juu ya elfu tatu, na kwa mwezi natumia kama laki nne na nusu kwa mafuta peke yake. Hiyo ni karibu nusu ya ninachopokea mkononi. EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi ndiyo siku yangu ya kupanga upya chakula cha nyumbani.

Na gari haliendi kazini tu, Shangazi. Mgonjwa wa jirani apelekwe hospitali ya Maweni, ni mimi. Msiba Kasulu, ni mimi. Baba mdogo ana mifuko ya saruji ya kupeleka Kalinzi, ni mimi. Vyombo vya harusi, mahindi ya kusaga, mgeni wa kupokelewa stendi usiku. Wanaoniuliza habari ya mafuta ni wachache mno. Wengine wakishuka wanasema, "Mungu akubariki, gari la mzee limetuokoa."

Kazini kuna dada ana Toyota Aqua, ile ya haibridi, inayotumia petroli na mota ya umeme. Tangi lake ni la lita 36 na akilijaza halifikirii tena kwa muda mrefu. Nimemuuliza maswali mpaka kachoka. Nimefuatilia, yadi moja ya Dar es Salaam wana moja namba E, usajili wa karibuni, hadi inafika Kigoma ni kama milioni 17. Na mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu yuko tayari kunipa milioni 18 kwa Prado. Yaani nabadilisha gari bila kukopa.

Nikaliweka kwenye grupu la familia. Kaka mkubwa akajibu, "Gari la mzee haliuzwi. Likikushinda, lipaki." Wa Mwanza akauliza, Desemba watoto watapanda nini kwenda Kalinzi. Wifi yangu mmoja akaandika kwamba nataka gari la kujionyesha mjini. Hakuna kati yao aliyewahi kutuma hata hela ya lita kumi. Nililia.

Baba nilimweleza mwenyewe, taratibu, na hesabu. Alinyamaza, halafu akasema, "Fanya unavyoona, mwanangu." Lakini zamani kila asubuhi alikuwa anatoka kulizunguka gari, anaangalia matairi, anagonga boneti. Siku hizi hatoki. Mama anasema nisijali, wazee ndivyo walivyo. Mimi najali.

Kuna usiku nawaza nimpelekee mzee karatasi asaini, niuze, kaka zangu wasikie limekwisha kuuzwa. Asubuhi wazo hilo linanitisha. Mnunuzi anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nifanyeje?

Binti wa Gungu, Kigoma

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kuubeba hadi leo. Kabla ya yote nataka ujue kwamba kutaka gari linalokula mafuta kidogo si kumkosea mzazi. Mtu anayepanga upya chakula cha nyumba kila bei ikitangazwa ana haki ya kutafuta nafuu, na wifi yako aliyekuita mwenye kujionyesha hajawahi kusimama sheli na mshahara wako.

Nikiisoma barua yako naona mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna mafuta. Kuna watu wanaokutegemea bila kuchangia. Na kuna baba yako ambaye haji tena kuangalia matairi. Umetafuta dawa moja, Aqua, ukitumaini itatibu yote matatu. Nakuomba tuyafungue.

Tuanze na mafuta. Hofu yako ina msingi. Mafuta yetu yote yanatoka nje, yananunuliwa kwa dola, na yakishashuka bandarini bado yana safari ndefu hadi kwenu. Hata reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200. Ndiyo maana kwenye jedwali la EWURA kila mji una bei yake kikomo, na Kigoma huwa upande wa juu. Mwaka 2022 Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi na bado watu wa mbali na bandari waliumia. Tena kodi nayo imehamia humo humo: ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa 2017, fedha yake ilipelekwa kwenye ushuru wa mafuta, na 2023 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita. Kwa hiyo mwenye gari linalokula sana analipa mara mbili, kwa muuzaji na kwa kodi. Sidhani ni busara kwako kupanga maisha ukisubiri bei ya zamani irudi.

Sasa nimekaa na hesabu yako, nawe kaa nayo. Laki nne na nusu, kwa lita ya elfu tatu na ushee, ni kama lita 140. Prado ya dizeli ya umri huo, lita moja hupata kilomita saba na nusu hivi. Maana yake unatembea kama kilomita 1,050 kwa mwezi. Gungu na Mwandiga si mbali. Hata ukienda na kurudi kila siku ya kazi, na zamu za usiku humo humo, sioni ukipita kilomita 350. Hizo ni lita 47, kama laki moja na nusu.

Zilizobaki, mwanangu, lita tisini na zaidi kila mwezi, ni saruji ya baba mdogo, misiba, harusi, mahindi na shamba.

Ukinunua Aqua ukaendelea na safari zote hizo hizo, kwa kilomita 20 kwa lita, utatumia kama lita 53. Ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini Prado hiyo hiyo, ikikupeleka kazini tu, inatumia pungufu ya hapo. Ndipo nikajiuliza, na nakuuliza kwa upole: unataka gari dogo lipunguze mafuta, au unataka gari dogo lipunguze watu? Maana inawezekana moyoni unatumaini kwamba ukija na Aqua, baba mdogo ataona buti lake dogo na kuacha kuleta saruji. Kama ndivyo, sikulaumu. Kusema "safari hii siwezi" kwa jirani mwenye mgonjwa ni kazi ngumu kuliko kuuza gari. Ila Aqua nayo ina viti vitano. Mgonjwa anaingia, mgeni wa stendi anaingia. Watakuja tu, na utakuwa bado hujajifunza kuwajibu.

Nikwambie na yale ambayo yule dada wa kazini huenda hakuyagusa. Haibridi inaokoa mafuta zaidi mahali pa foleni, kwa sababu ukikanyaga breki mota inarudisha umeme kwenye betri, na gari likitambaa polepole injini inaweza kuzima kabisa. Kigoma hamna foleni ya Dar es Salaam. Miteremko ya kwenu itasaidia kuchaji, lakini usimeze tarakimu za yadi. Mwombe huyo dada ajaze tangi, aandike kilomita, ajaze tena, muone kweli anapata ngapi kwenye barabara zenu. Ukipiga hesabu ya gari dogo la kawaida la 1000cc kama Passo, linalopata kilomita 15 hivi kwa lita, safari zako zote zingetaka lita 70. Kutoka Prado kuja Passo unaokoa lita 70. Kutoka Passo kwenda Aqua unaokoa 17 tu. Nafuu kubwa inatokana na kushuka kwenye gari zito, haibridi inaongeza kidogo juu yake, na hicho kidogo kinakuja na betri kubwa ambayo kwenye gari lililotumika imeshazeeka kiasi. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la Kalinzi likiziba njia hiyo, au ukipanga mizigo mbele yake, betri inapata joto na kufa mapema. Kuibadilisha ni mamilioni. Kabla hujatuma hela yadi, itafutie fundi mwenye mashine ya kupima seli zake moja moja, na uulize Kigoma ni fundi gani anayezijua kweli. Kisha kuna urefu wake kutoka chini. Masika, njia ya kuingia shambani, Aqua utaiacha kwenye lami na utatembea.

Sisemi haya kukukatisha tamaa. Wapo watu Aqua imewafaa sana, na kwa njia ya Gungu na Mwandiga ingekufaa nawe. Nataka tu uijue kabla hujaipenda.

Na Prado yenyewe je, inakula kwa haki yake? Mafundi wetu wengi wana tabia ya kung'oa themostati, kifaa kinachotunza joto la injini, gari likichemka mara moja. Injini ya namna hiyo haifiki joto lake na inakunywa dizeli bure. Angalia hilo, safisha nozeli, badilisha kichujio cha hewa, jaza upepo wa matairi sawasawa, na kama kuna keria juu isiyo na kazi, ishushe. Haitageuka kuwa gari dogo. Lakini kama sasa inapata kilomita saba na nusu na ikapanda hata kwa moja, utaisikia mfukoni.

Nije kwa kaka zako. Jibu la "likikushinda, lipaki" ni jibu la mtu asiyejua gharama, na limekuumiza kwa haki. Hata hivyo nimejiuliza kama ni uchoyo tu. Walio mbali wanamkumbuka baba akiwa kwenye usukani. Wakisikia gari linauzwa, pengine wanasikia kwamba mzee hatarudi kuendesha tena, na hawajawa tayari kuambiwa hivyo kwenye grupu. Umewahi kuwapigia mmoja mmoja, kwa sauti, ukawasomea zile lita 140? Kwenye grupu kila mtu anajibu mbele ya mkewe na mbele ya ndugu yake. Kwenye simu anaweza kukujibu kama kaka. Ukimwuliza kaka mkubwa, "Gari likibaki, wewe utatoa lita ngapi kwa mwezi, na utazituma tarehe ngapi?" utajua haraka kama anatetea gari au anatetea kumbukumbu. Vyote vina thamani, ila kimoja kinahitaji dizeli.

Baba yako ndiye aliyenigusa zaidi. "Fanya unavyoona" ya mzee inaweza kuwa ridhaa kamili. Inaweza pia kuwa maneno ya mtu asiyetaka kuonekana mzigo kwa binti anayemlea. Wewe umeenda kwake na hesabu, na hesabu zako ni sahihi, lakini sidhani kama umemuuliza anachokitaka. Muulize bila karatasi mkononi. Je, bado anatamani kwenda Kalinzi kuona kahawa yake, na mara ngapi? Kupanda Prado kunamuumiza magoti, au gari la chini ndilo litakalompa shida kushuka? Akiambiwa gari litauzwa, angependa aongee yeye na mnunuzi? Kuna wazee ambao wakishirikishwa kuuza, wakapanga bei wenyewe, wakahesabu fedha wenyewe, hubaki na heshima yao yote. Na kuna wengine ambao bei yoyote ni ndogo. Wewe unayeishi naye utamjua ni yupi, ila baada ya kumuuliza.

Lile wazo la usiku, la kumpelekea asaini ndugu wasikie limekwisha, nashukuru kwamba asubuhi linakutisha. Kadi ina jina lake, kwa hiyo saini yake ndiyo mauzo, na saini ya mzee mwenye presha iliyochukuliwa kimyakimya inaweza kuja kuhojiwa na kaka zako siku mbaya zaidi. Upande wa pili nao una hatari: msipoamua chochote, na siku moja Mungu akamchukua, gari hilo litaingia kwenye mirathi pamoja na shamba na nyumba, na wewe uliyelilisha miaka yote huna karatasi hata moja inayosema ulichotoa. Anza leo kuweka risiti za sheli na za fundi. Kwa njia yoyote mtakayochagua, zitakusaidia kuongea.

Njia ninazoziona mbele yako si mbili kama mnunuzi anavyokufanya uamini. Unaweza kuuza na kununua Aqua, ukipata nafuu ya kila mwezi na kubaki na deni la kuwaeleza ndugu, na Desemba mkodi gari la kwenda shamba. Unaweza kuuza na kununua dogo la kawaida ambalo kila fundi wa Mwanga hapo mjini Kigoma analijua, ukabaki na akiba mkononi; kwa mtu mwenye mshahara mmoja, akiba hiyo inanivutia kuliko kilomita tano za ziada kwa lita. Unaweza kubaki na Prado kwa ajili ya kazi yako na safari za mzee tu, na kila safari nyingine ianze na mafuta ya mwenye shida. Hii haikugharimu milioni hata moja. Inagharimu sura za watu, na kuna watakaonuna, labda hata baba mdogo. Wagonjwa wa dharura utajua mwenyewe, wewe ni nesi, moyo wako hautakubali kuuliza mafuta mbele ya mama anayevuja damu, na sikuombi uulize. Nazungumzia saruji na vyombo vya harusi.

Kuna na njia ya kubaki na Prado na kukopa SACCOS ununue kagari kadogo pembeni. Wengi huipenda kwa sababu haimuudhi mtu. Mimi inanipa wasiwasi kwa ajili yako: marejesho, bima mbili, matairi manane, na Prado ikisimama uani bado watu wanaiona ipo. Labda kama kaka zako wataichukua Prado kwa gharama zao, kwa maandishi, na kila mwezi fedha ionekane.

Huyo mfanyabiashara wa Kasulu mwambie ukweli, kwamba gari ni la mzee na familia bado inaongea. Prado ya dizeli kwa barabara za Kasulu, Buhigwe na Kibondo haikosi mtu, kwa hiyo mwisho wa mwezi ni tarehe yake, isiwe yako. Asikulipe advansi hata akikubembeleza, kwa sababu ukishaishika hutaweza tena kumsikiliza baba yako vizuri. Na kabla ya mazungumzo hayo, wiki hii, ukitoka zamu mpitishe mzee kwa fundi mkaangalie hiyo themostati pamoja.

Shangazi